Kegi imejaa povu? Iache regyuleta kwanza

Bia ya kegi ikianza kutoka povu tupu, mhudumu wa kaunta huwa na dawa moja tu. Huinama, hushika regyuleta ya mtungi wa gesi, huikaza au kuilegeza kidogo, kisha hujaribu glasi nyingine. Povu likizidi, huirudisha ilikokuwa, au pale anapodhani ilikuwa. Likipungua, hutabasamu na kuendelea na kazi. Baada ya muda meza ya pembeni inaanza kulalamika kwamba bia imeisha gesi, naye huinama tena. Kufikia saa tatu usiku regyuleta imezungushwa hivi na vile hadi hakuna ajuaye ilisimama wapi asubuhi, na ndoo iliyo chini ya koki imejaa bia iliyolipiwa na mwenye baa.

Fundi aliyeizoea kazi hii huanza na swali jingine kabisa: bia yenyewe ina nyuzi ngapi? Haulizi friji inaonyesha ngapi, maana friji hupima hewa yake, si bia iliyo ndani ya chuma. Anamimina glasi ya kwanza na kuiweka kando, anamimina ya pili, anatumbukiza kipimajoto na kusubiri. Ikisoma nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, ndipo atakapotazama mengine. Ikisoma 9, hana haja ya kufungua mkoba wa spana, kwa sababu ugonjwa ameshauona.

Chanzo chake ni gesi yenyewe. Kinachoipa bia ukali ulimini ni hewa ukaa, ile ile ya soda, iliyoyeyuka ndani ya kinywaji na kukaa humo kwa kulazimishwa na presha. Mwaka 1803 mwanakemia Mwingereza William Henry alieleza kanuni ya jambo hilo: kadiri presha inavyozidi juu ya maji, ndivyo gesi inavyozidi kuyeyuka ndani yake. Joto hufanya kinyume, huifukuza. Laga ya kawaida hubeba gesi ambayo ikitolewa yote ingejaza mara mbili na nusu ya ujazo wa bia yenyewe. Bia hiyo ikiwa na nyuzi 3, presha ya 11 au 12 inatosha kuizuia gesi isitoroke, ukihesabu kwa paundi kwa inchi ya mraba, kipimo kile kile cha magurudumu kwenye kituo cha petroli. Ikifika nyuzi 10, inahitaji takriban 18. Kegi iliyoachwa uani Mombasa hadi ikafika nyuzi 30 huwa na presha inayokaribia 40 ndani yake, hata kabla haijaunganishwa na mtungi wowote.

Hebu fikiria kegi ya namna hiyo. Lori limeishusha saa saba mchana, imekaa mlangoni huku karani akitafuta risiti, ikaingizwa kwenye chumba cha baridi saa tisa, na saa kumi na mbili jioni, wateja walipoanza kujaa, ikafungwa kwenye paipu. Lita 50 za bia ndani ya pipa la chuma hazipoi kwa saa tatu. Zinataka siku nzima, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Chuma cha nje kitakuwa baridi mkononi huku bia ya katikati bado ikiwa na joto la barabarani. Hapo hakuna mzunguko wa regyuleta utakaosaidia. Dawa ni kegi ya kesho kuingia kwenye baridi leo, na hilo ni jambo la nafasi na mpangilio, wala si la ufundi.

Stima ikipotea mambo huwa yale yale, ila polepole. Baa nyingi hazipoozi kegi hata kidogo: kegi hukaa chini ya kaunta katika joto la chumba, nayo bia hupoa njiani, ikipita kwenye koili iliyozama katika maji ya barafu ndani ya kipoozeo. Mpango huo ni mzuri, lakini una masharti mawili. Kwanza, presha ya kegi sharti ilingane na joto la chumba, si la glasi, kwa hiyo anayesoma kitabu cha mtambo wa chumba cha baridi na kuweka 12 amekosea tangu mwanzo. Pili, yale maji lazima yazungushwe na mota ndogo isiyosimama. Mota ikikwama, barafu hubaki imegandia ukutani huku koili ikiogea maji vuguvugu, na mhudumu akichungulia ndani anaiona barafu na kuapa kwamba kipoozeo kinafanya kazi.

Wakenya tuna desturi ya kuulizwa “moto ama baridi?” tunapoagiza bia, na wapo wazee ambao hawajawahi kutia bia baridi kinywani. Mimi ni wa baridi, lakini sina ugomvi nao. Chupa humvumilia mnywaji wa moto kwa sababu kizibo hushikilia gesi hadi dakika ya kunywa. Kegi haina msamaha huo. Bia yake husafiri kwenye paipu kutoka penye presha kubwa hadi penye hewa ya kawaida, na ikiwa na joto, safari hiyo ndiyo inayoipasua kuwa povu.

Sasa tupande mlima, maana hapa ndipo vitabu vya maelekezo vinapowapotosha watu wengi. Namba ya 12 iliandikwa kwa ajili ya baa iliyo usawa wa bahari. Mshale wa regyuleta hauonyeshi presha yote iliyo ndani ya kegi. Huonyesha kiasi kinachozidi presha ya hewa ya nje. Mombasa hewa hiyo hukandamiza kwa paundi 14.7. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hukandamiza kwa 12 tu. Bia haijui iko mji gani, inataka jumla ile ile. Kwa hiyo laga iliyotulia kwa 12 kule Nyali itahitaji karibu 15 kule Westlands, na zaidi kidogo Eldoret, ambako mwinuko ni kama mita 2,100 na maji ya chai huchemka yakiwa na nyuzi 93 badala ya 100. Kisumu, mita 1,100 na kitu, iko katikati ya safari. Fundi anayetoka Pwani na kufunga mtambo Bonde la Ufa kwa namba zake za nyumbani hajaharibu chombo chochote, na bado ameacha tatizo litakaloonekana baada ya siku mbili tatu.

Linaonekanaje? Kwa povu. Na hapa ndipo akili ya kawaida inapogoma, kwa sababu sote tunaamini povu ni ishara ya gesi kuzidi. Presha ikiwa chini ya ile bia inayotaka, gesi iliyoyeyuka huanza kujitenga. Hutoka ndani ya kegi na ndani ya paipu, mapovu yakakusanyika, na koki ikifunguliwa hutema hewa na povu kwa zamu. Mhudumu anaona povu, anapunguza presha, gesi nyingi zaidi inajitenga, povu linazidi, anapunguza tena. Kufikia nusu ya kegi, iliyobaki imeisha gesi kabisa, na sasa anaambiwa bia yake ni maji ya shayiri. Malalamiko mawili, la povu na la bia iliyokufa, yamezaliwa na kosa moja.

Presha ikizidi, sura ni nyingine. Bia hutoka kwa kasi, hugonga chini ya glasi na kufura, na kadiri siku zinavyokwenda bia iliyobaki ndani ya kegi hunyonya gesi zaidi ya kiwango chake. Kegi ya kwanza ya wiki humiminika vizuri, ile inayokaa siku nne huishia kwa fujo.

Namna ya kuzitofautisha hali hizi haihitaji kifaa cha bei. Paipu nyingi za bia ni za plastiki inayoonyesha. Acha koki imefungwa kwa dakika chache, kisha piga magoti na tochi ya simu, uanze kumulika pale paipu inapotoka kwenye kichwa cha kegi. Bia iliyo sawa hukaa humo kama kioo, haina hata tone la hewa. Ukiona vipande vya hewa tangu kwenye kegi yenyewe, vikipanda kimoja kimoja, ama kegi ina joto ama presha iko chini. Kama bia ni safi mwendo wote na mapovu yanaanzia karibu na kaunta, basi kegi haina kosa: kuna joto au uchafu huko juu. Na ukiona mapovu membamba yasiyokoma yakitokea kwenye kiungo kimoja tu, huenda mpira wa kiungo hicho umechakaa na hewa inapenya.

Mnara wa koki juu ya kaunta una kesi yake. Glasi ya kwanza ni povu, ya pili afadhali, ya tatu haina neno; ukikaa nusu saa bila mteja, hadithi inaanza upya. Hiyo ni bia iliyosimama ndani ya mnara wenye joto la ukumbi. Feni ndogo ya kusukuma baridi ya friji hadi juu, au sponji ya kuzuia joto iliyozungushiwa paipu, humaliza shauri hilo.

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa na watu wenye nia njema kabisa. Anakuja mtu kupanga vitu chini ya kaunta, anakuta paipu nyembamba imeviringishwa mizunguko kadhaa bila sababu anayoiona, anachukua kisu na kuikata ibaki fupi, nadhifu. Ile mizunguko ilikuwa breki. Tundu la paipu hiyo ni kama milimita 5, na msuguano wa kila mita hula sehemu ya presha ili bia ifike kwenye koki ikiwa imepoa mwendo. Kuipandisha bia mita moja juu nako hula karibu paundi moja na nusu. Aliyefunga mtambo alijumlisha haya yote, urefu na kimo, yakalingana na presha ya kegi. Kata paipu na hesabu imevunjika, hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Kenya hesabu hizi zina uzito kuliko kwingi, kwa sababu kegi hapa ni kinywaji cha mtu wa kipato kidogo. Mwaka 2004 Senator Keg ilipoingia sokoni, ilipata nafuu ya ushuru ili iwe bei rahisi na kuwavuta watu kutoka kwenye pombe za sumu. Mwaka 2013 ushuru ulirudishwa na mauzo yakaporomoka. Mwaka uliofuata pombe iliyochanganywa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Mwaka 2015 nafuu ikarejea, na kufikia 2019 Kisumu kulikuwa na kiwanda kipya kinachotumia mtama wa wakulima kutengeneza bia hiyo. Anayeuza kinywaji cha bei ya chini hupata faida ndogo kwa kila glasi. Kegi ya lita 50 ni glasi mia moja za nusu lita. Robo hivi ya povu linalomwagwa ni bia halisi, na ndoo ya povu kila jioni inaweza kuwa ndiyo kodi ya nyumba ya mwezi.

Ladha ikibadilika, acha gesi, shughulika na uchafu. Bia ina sukari kidogo, protini, na chembe za hamira, na bakteria wanaoipenda hawamdhuru mnywaji ila wanaiharibu. Wa jamii ya Pediococcus huacha harufu ya siagi. Wale wa siki hutaka hewa, kwa hiyo hukaa mdomoni mwa koki. Ifungue koki iliyokaa mwezi bila kuoshwa uone: ukiuondoa mkono wake na kuvuta shafti, kwenye pete ya mpira kuna utelezi wa rangi ya kahawia, na ukipitisha kidole ndani ya mdomo kinarudi na uzi mweusi. Nje koki hiyo imesuguliwa na kung'aa. Inzi wadogo wa matunda ndio wa kwanza kujua, na mteja anayewaona wamezunguka koki ana haki ya kuagiza chupa.

Kanuni inayofuatwa na watengenezaji bia wengi ni kuosha paipu kila wiki mbili kwa dawa ya kaustiki, iwe na vuguvugu, izungushwe ndani kwa pampu angalau dakika kumi na tano, kisha isuuzwe kwa maji safi hadi iishe kabisa. Koki na kichwa cha kegi hufunguliwa na kusuguliwa kwa brashi siku hiyo hiyo. Kila miezi mitatu hupitishwa dawa ya asidi, kwa sababu kaustiki haiondoi ukoko wa madini unaogandia ukutani mwa paipu, mfano wa ule wa birika la zamani. Ukoko ukishaota, bakteria wana mahali pa kujibanza na bia ina mahali pa kukwaruzwa ikitoa povu. Kwa hiyo hata kesi ya povu inaweza kuishia hapa. Kumwaga maji ya moto peke yake, kama wafanyavyo wengi, ni kujifariji. Na jiki ya kufulia haina kazi humu: huharibu mipira na kuacha harufu isiyotoka. Kaustiki nayo huunguza ngozi na macho; glavu na miwani si mapambo, na dawa hiyo na ile ya asidi haziguswi pamoja.

Kabla ya kusema bia imeisha gesi, tazama glasi. Mafuta ya chipsi, rangi ya mdomo, sabuni ya maji isiyosuuzwa, kitambaa cha kufutia kilichopita kwenye sahani za nyama choma, vyote huua povu kwa sekunde. Lowesha glasi na unyunyize chumvi ndani: palipo safi chumvi hunata sawasawa, penye mafuta huteleza na kuacha kipara. Ukishamimina, viputo vilivyong'ang'ania ukutani mwa glasi vinakuonyesha uchafu ulipo. Nimeona baa ikirudisha kegi mbili nzima kwa tatizo lililokuwa kwenye beseni la kuoshea.

Bia nyeusi za namna ya Guinness zina kanuni tofauti. Tangu mwaka 1959, Michael Ash wa kampuni hiyo alipofanikisha matumizi ya naitrojeni, bia hiyo ya bomba husukumwa kwa mchanganyiko wenye naitrojeni nyingi na hewa ukaa kidogo, kupitia koki yenye kisahani cha vitundu. Ukiifunga kwenye mtungi wa laga kwa presha yake ya kawaida ya juu, itanyonya hewa ukaa hadi isimiminike. Mitungi hiyo miwili haibadilishani kazi.

Halafu kuna usiku ambao hakitoki kitu. Hapo sababu huwa ndogo: kichwa cha kegi hakikuzungushwa hadi mwisho, valvu ya gesi imefungwa, paipu imegandishwa na friji iliyokazwa mno, au mtungi umekwisha. Hili la mwisho huwashangaza watu kwa sababu geji ya mtungi ilikuwa juu hadi jana. Hewa ukaa hukaa mtungini ikiwa kioevu, na maadamu tone la kioevu lipo, geji husoma kiasi kile kile, uwe umejaa au umebaki robo. Kioevu kikiisha, mshale huanguka kwa saa chache. Isitoshe, ikipita nyuzi 31 gesi hii haiwezi kuwa kioevu kabisa, na mchana wa Machi Mombasa hupita hapo, hivyo mtungi wa uani una tabia yake siku hiyo. Anayetaka kujua kilichobaki aupime kwenye mizani na kutoa uzito wa chuma uliochongwa begani mwa mtungi.

Mtungi unaoisha kabla ya wakati wake una mahali unapovuja. Povu la sabuni kwenye kila kiungo litakuonyesha, kama kwa gesi ya kupikia, lakini gesi hii haina harufu ya kukutahadharisha na ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Katika stoo ya chini ya ardhi, au chumba cha baridi kilichofungwa usiku kucha, hujaa kuanzia sakafuni. Kiwango kinachokubalika mahali pa kazi ni nusu asilimia ya hewa. Kikifika asilimia 3 unahema kwa nguvu na kichwa kinagonga. Kikipita 10 unaweza kuanguka ndani ya dakika chache, na anayeinama kukuinua anavuta hewa mbaya zaidi, maana iko chini. Mlango ufunguliwe na uachwe wazi kabla mtu hajaingia, valvu ifungwe kama inafikika kutoka nje, na mitungi isimame wima imefungwa mnyororo ukutani. King'ora cha kupima hewa ukaa kifungwe karibu na sakafu. Anayekipachika darini karibu na taa atakuwa amekiweka mahali ambapo gesi itafika mwisho.